Mashine ya Mtu Mmoja

...na mkanda wenyewe wa mashine hii ya kunolea unakwenda vizuri, hilo halina ubishi, unapanda na kushuka palepale bila kukimbilia pembeni kama ule wa mashine aliyoikataa safari iliyopita, msasa mpya, magurudumu yamenyooka, na mota haingurumi, inavuma tu taratibu kama mtu anayeimba peke yake huku anapika, na kijimeza cha kuegemezea chuma kimekaa sawa, amekipima kwa jicho na jicho lake si la kuchezewa, lakini lazima iwe na kitu, mashine ya bei nafuu namna hii haikosi kitu, akainamisha sikio, akaweka kiganja kwenye mwili wake aone kama inatetemeka, haitetemeki, akakiacha kiganja hapohapo, labda itabadili nia, na yule mama muuza mashine, aliyesimama kando yake kidole karibu na swichi, akamwuliza, "Hii nayo ina kasoro gani, fundi?" naye fundi akajifanya hakusikia kwa sababu ya kelele, ingawa kelele zenyewe hazikutosha kumficha mtu.

Mkononi ameshika bapa la kisu alilokuja nalo mwenyewe kutoka nyumbani, alilikunja kwenye kitambaa, chuma cha springi ya lori alichokifua na kukikata umbo la kisu cha jikoni, jeusi la moto pande zote mbili, au lilikuwa jeusi pande zote mbili, kwa sababu sasa hivi tu amelipitisha kwenye mkanda, shina la kutia mpini mkono wa kulia, vidole vya kushoto vikisindikiza kwa mbele, cheche zikashuka chini kama inavyotakiwa, chuma hakikupata moto wa kukiharibu, na upande mmoja ukatoka mweupe kuanzia shinani hadi nchani, kazi safi, kisha bapa likawa mikononi mwa yule mama, akalitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaligeuza, akakutana na weusi, akamrudishia akisema malizia na huu basi tuone, na hapo ndipo alipoanza kuitafuta kasoro. Kasoro zake zimekuwa kichekesho hapa dukani, ile nyekundu ilikuwa na kelele, ile ya miguu mirefu ilikuwa inayumba, ile ndogo ya mezani mota yake ilipata moto mapema, na ile nyingine, Mungu amsamehe, alisema rangi yake inamuumiza macho, mama akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia, "Fundi, wewe unanunua mashine au unatafuta mke?" na yeye akacheka pia, angefanya nini, akaenda zake kusimama karibu na ile kubwa kule ukutani, ile ya mikanda miwili, mmoja huku mmoja huku na mota katikati, kama anavyofanya kila akija, akiupapasa mwili wake kama anayempapasa ng'ombe wa jirani, na mama akamkumbusha kwa upole kwamba ile ni ya watu wa viwanda, bei yake ataizungumzia siku nyingine, na yeye akasema najua, naangalia tu. Anaangalia tu... ile hajawahi kuitafutia kasoro.

"Au mkanda mwembamba?" mama anasema, na habari nyingine kuhusu mikanda ya kubadilisha, inapatikana, haina tabu, ya kukwaruza na ya kulainisha, na yeye anaitikia ndiyo, ndiyo, lakini akili imekwisha kutoka, imekwenda kwenye mashine ya mjomba, ile ya nyumbani iliyokufa mota, ile ambayo fundi mota aliifungua akaitazama akaifunga tena akamwambia iache ipumzike, nayo ilikuwa hivyohivyo, mota ya pampu ya maji katikati, mhimili mmoja umetokeza pande mbili, jiwe la kunolea huku na jiwe la kunolea huku, mjomba aliiunda kwa mikono yake siku zile alipowachukua yeye na dada yake awafundishe kazi, na dada alikuwa wa mashoto, mpaka jina lake lenyewe likapotea akabaki Mashoto kwa kila mtu, wengine wakamsema, msichana na visu, tena kwa mkono ule, mjomba hakubishana na mtu, alimshika bega akamweka kwenye jiwe la kushoto, akamshika yeye akamweka kwenye jiwe la kulia, akasema, haya, sasa viwiko vyenu havitagombana, na ndivyo walivyosimama tangu hapo, bega kwa bega, yeye ananoa uso wa kulia wa kisu, anampa dada, dada ananoa uso wa kushoto, hakuna aliyewahi kunoa pande zote mbili, na kwa nini mtu anoe pande zote mbili wakati mwenzake yupo hapo. Raha ya kazi ile, ee, ni nani atamweleza mama huyu raha ya kazi ile, kopo moja la maji ya kupozea katikati yao, vumbi la chuma puani, dada anaimba wimbo nusu kwa sababu nusu nyingine haijui, na bapa linavuka juu ya mota bila mtu kugeuza shingo, mkono wake wa kushoto unatoa, mkono wa kulia wa dada unapokea, haujawahi kukosa, haujawahi kuanguka hata mara moja, na akizidisha yeye upande wake makali yakahama kwenda kwa dada, dada anapitisha kidole gumba tu, hasemi kitu, bapa linarudi juu ya mota kama mgeni aliyekosea mlango, na siku nyingine anasema, "Mdogo wangu, umekula mpaka sahani yangu," na wanacheka, na mteja mlangoni anasubiri visu vyake hajui kinachochekwa.

Kiharusi kilimshika dada upande wa kushoto. Kulikuwa na upande wa kulia, kingeweza kuchukua ule, angebaki na mkono wake, lakini kilichagua, na mkono ule sasa unalala mapajani pake kama kitu alichoachiwa akitunze, na madaktari walisema mazoezi, na fundi akaling'ang'ania neno hilo, mazoezi, akarudi karakanani kwake akawasha mashine akanoa uso wa kulia, akanyoosha mkono... akaweka bapa kwenye rafu ya dada, akachukua jingine, akanoa uso wa kulia, akaweka kwenye rafu, ili akirudi asikute kazi imelala, na rafu ikajaa, akaleta kreti, na mtu akimwuliza visu viko wapi anasema viko njiani. Alifanya hivyo mpaka mota ilipokufa, na hata ilipokufa aliona ni sawa tu, itatengenezwa, dada naye atatengenezeka, mambo yatarudi pamoja. Hakuna aliyejua, mpaka dada alipokuja karakanani na mkongojo wake siku ambayo yeye alikuwa amekwenda kutafuta makaa, aliporudi akamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya kreti, ameshika bapa kwa mkono wa kulia, analigeuza, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, dada akauliza vya nani hivi, akamjibu, vyako, dada, vinakusubiri, na dada akalirudisha bapa kwenye kreti, akasema, "Mkono huu haurudi, mdogo wangu. Nenda kanunue mashine ya mtu mmoja. Na usiniletee hadithi, nakujua." Na tangu siku hiyo amempelekea nini kama si hadithi, kila akirudi mikono mitupu dada anamwuliza ilikuwa na nini hiyo, na yeye anaeleza, miguu, mota, kelele, kwa undani kabisa, na dada anasikiliza mpaka mwisho anasema haya, neno moja tu, haya, na leo asubuhi akifunga kitambaa chake dada alimwuliza kutoka kitandani, bila kugeuka, "Leo itakuwa na kasoro gani?" Na wateja wameanza kwenda kwingine, hilo nalo anajua, wa hoteli amekwenda, mchinja nyama anasema atasubiri lakini sauti yake ni ya mtu anayeaga, na kreti liko palepale, visu kamili kwa umbo, havikati hata nyanya.

"Nizime?" mama anauliza, na yeye anasema hapana, subiri kidogo, na mama anasubiri, ana subira huyu mama, hakumharakisha hata siku moja, tangu alipolichukua lile bapa mkononi mwake amesimama tu... alilichukuaje? Mbona hakumpa. Hakumwambia shika uone, hakumwangalia hata kidogo, alikuwa amemaliza uso wa kulia, akainua bapa, na mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe kwenda kushoto, kwenye hewa, kama siku zote, shina mbele ili mwenzake ashike vizuri, na mama alikuwa amesimama pale, akadhani anapewa, akapokea. Kama asingekuwepo lingeanguka sakafuni. Joto likampanda shingoni, si aibu, au ni aibu na kitu kingine pamoja, maana ndiyo kasoro yenyewe, wala haikuwa kelele wala miguu wala rangi, zote zile zilikuwa na kasoro moja tu, alikuwa akisimama mbele ya kila moja na kushoto kwake hakuna mahali pa mtu. Ndiyo maana anaipenda ile ya ukutani. Amekuwa akizunguka duka la watu miezi yote hii akimtafutia dada pa kusimama.

Akautazama mkono wake wa kushoto. Haujui kunoa mkono huu, umezeeka bila kujua, kazi yake ilikuwa kutoa tu, na ilikuwa kazi nzuri, aliipenda kuliko kunoa kwenyewe, angeirudia yote tangu mwanzo, vumbi lake na wimbo wake nusu, na sasa atajifunza kama mtoto, ataharibu chuma kingi, makali yatahama, na kreti zima linamsubiri, kila kisu bado upande wa Mashoto... lakini dada anajua kule mkono unakopita, kidole gumba cha kulia bado kizima, anaweza kukaa kwenye kigoda akapitisha kidole, akamrudishia bila kusema, akamwambia amekula sahani ya nani, na huenda asitake, huenda ikamuumiza, atamwuliza, hilo ni la kumwuliza yeye, ila hawezi tena kwenda nyumbani na hadithi ya miguu inayoyumba.

"Fundi," mama akasema, taratibu, kidole bado karibu na swichi, mkanda bado unapanda na kushuka palepale, "niambie tu nijue. Hii ina kasoro gani?"

"Haina," akasema, na macho yakamjaa maji, na hakujisumbua kusingizia vumbi. "Hii haina kasoro, mama."

Kisha akaligeuza bapa, upande mweusi ukaja juu, akalihamishia shina mkono wa kushoto, na mkono ukaanza kunyooka kwenda pembeni kama ulivyozoea, akaurudisha mbele yake, kwenye mkanda.