Wa Dawa Ndio Sisi

Haya niliambiwa na Apolinaria mwenyewe, mwaka huu, tulipokaa mkekani kwenye msiba wa mzee Lugembe hapa Bukene. Wenzake tulikuwa tunalia, yeye macho makavu, anasaga meno. Nikamwuliza, mwenzangu, una nini? Akanimwagia yote, nami nayaandika kama alivyoyasema.

Apolinaria ana binti mmoja, Levina, fundi cherehani, na Levina ana kifafa tangu utotoni. Akimeza vidonge vyake hutajua kama ni mgonjwa. Anashona sare za shule, anataniana na wateja, anaimba kwaya. Asipomeza, anaanguka popote. Dawa zilipokatika zahanati aliangukia jiko la mkaa, mkono wa kushoto ukaungua hadi vidole vikashikana. Tangu siku hiyo mama mtu hakulala tena usingizi wa kulala. Usiku anafunga ncha moja ya kanga kwenye mkono wa binti na ncha nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, ili Levina akitikisika tu, yeye awe amekwisha kuamka.

Na kila alipokwenda zahanati, nesi Elieth alimfunulia viganja vitupu.

"Hakuna, Mama Levina."

"Hakuna mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

"Kesi ya nani tena?"

Nesi akamweleza polepole. Serikali ilikuwa imeagiza vidonge kwa kampuni moja ya watu binafsi, navyo vikafika hadi bohari moja mjini Tabora. Kabla havijagawiwa, ikatoka amri kwamba zabuni hiyo ipewe kiwanda cha serikali, kwa kuwa kiwanda cha umma ndicho cha kununuliwa kwanza. Kampuni ikakimbilia mahakamani. Mahakama ikasema kisitoke kitu, kisinunuliwe kitu, hadi shauri liamuliwe. Maduka ya dawa nayo yalishafagiliwa na wenye uwezo.

"Na hicho kiwanda cha serikali, vidonge kinavyo?"

Nesi alitazama mlangoni kwanza. "Nasikia mashine yake bado haijafungwa."

Apolinaria akacheka, kicheko kibaya. "Yaani wanagombania dawa zetu, na sisi hatujaitwa? Inasikilizwa lini hiyo kesi?"

Siku ilipofika akapanda treni na binti yake mpaka Tabora. Mahakamani wakakaa benchi la nyuma. Mbele mawakili wamevaa majoho meusi, meza zimejaa majalada. Karani, mtu wa makamo aitwaye Selemani, akasimama akaita kwa sauti kubwa:

"Wadaawa wote wapo?"

Apolinaria akasikia: wa dawa. Hatimaye! Akamshika Levina mkono, wakasimama wote wawili.

"Tupo, baba! Wa dawa ndio sisi. Tumetoka Bukene."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni aliuficha uso kwa kofia.

"Mama, wadaawa ni wenye kesi," Selemani akasema, naye anajikaza. "Wale wanaoshtakiana. Ninyi kaeni."

"Kesi ya dawa, sasa wanaozimeza si wenye kesi?"

"Kaa, mama."

Akakaa, masikio yanawaka moto.

Wakili wa serikali akainuka. "Mheshimiwa, upendeleo huu ni halali. Kiwanda cha umma kina haki ya kupendelewa." Apolinaria hakuyaamini masikio yake. Kwetu, mama akisemwa ana upendeleo, kwamba mtoto mmoja anampakulia nyama na mwingine mchuzi, anaona haya hata kwenda kisimani. Huyu analitamka mbele ya jaji, kifua mbele, kama anayesali!

Akainuka wakili wa kampuni, Modest. "Mheshimiwa, upendeleo huu umevuka mpaka." Apolinaria akamwegemea kwa moyo: huyu ndiye wetu. Kumbe wapi. Modest akaingia kwenye hasara ya mteja wake, na jina zuri la mteja wake, na haki za mteja wake. Kifafa hakukitaja hata mara moja. Jaji, mwanamke mwenye miwani, akauliza kama wagonjwa wanaweza kupewa vile vilivyoko boharini wakati shauri likiendelea. Modest akasema hana pingamizi, ila mteja wake alipwe kwanza. Yule wa serikali akasema hana maelekezo kutoka juu. Basi, shauri likaahirishwa hadi mwezi ujao.

Nje barazani, wale waliokuwa wanararuana ndani wakawa wanaulizana kuku wa wapi ni mtamu. Apolinaria akawakingia njia.

"Shikamoo, mama," Modest akasema.

"Leo siitikii."

Watu barazani wakageuka. Shikamoo ya mtu hainyimwi marahaba hivi hivi, hata na adui.

"Hizo dawa ziko wapi?"

Modest akaonyesha kwa kidevu. "Kwenye bati jekundu lile, mama. Ng'ambo ya barabara."

"Lile pale?" Sauti ikampanda. "Babu zetu walibeba pembe za ndovu vichwani kutoka hapa hapa Tabora, wakatembea mpaka pwani, na mzigo ukafika! Ninyi na malori yenu mmeshindwa kuvusha vidonge barabara moja?"

"Mama, sheria haina hasira," wa serikali akasema.

"Haina kwa sababu haijaungua. Levina, hebu waonyeshe mkono."

Levina akauinua ule mkono. Ukabaki juu. Macho yakampinduka, akasema tu, "Mayo," yaani mama, kisha akaenda chini kama gunia. Apolinaria akawahi kichwa kabla hakijapiga sakafu. Mwili ukapigapiga, viatu vikamtoka. Wakili wa serikali akalikusanya joho lake lisichafuke, akairuka miguu ya binti, akashuka ngazi. Modest alibaki ameshika simu, hajui ampigie nani. Selemani ndiye aliyevua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Levina.

Mtikisiko ukapita. Levina akazama katika ule usingizi mzito unaofuata.

"Nisamehe, mama. Nilicheka," Selemani akasema.

"Mwezi ujao utaliita tena lile neno?"

"Wadaawa? Lazima niliite."

"Liite kwa nguvu. Nitakuja na wa Usoke na wa Tura, wote wanaoanguka, pamoja na mama zao. Tutasimama. Mtacheka mpaka mbavu ziwaume, na hatutakaa."

Selemani hakucheka. Akamwachia koti, akaingia ndani.

Apolinaria akajikalia pale barazani kungoja treni ya kurudi, mgongo ukutani, uso kwenye lile bati jekundu. Akafunga kanga, ncha kwa binti, ncha kwake. Alitaka akeshe akilitazama bohari lile, lijue kwamba linatazamwa. Jua likashuka. Mlinzi akatikisa kufuli kuona kama limeshika, naye akaketi juu ya ndoo akasinzia. Apolinaria akamtukana kimoyomoyo, yeye na kufuli lake, na waliolifunga, na waliowatuma. Alikuwa bado anatafuta tusi la kutosha pale usingizi ulipomkamata, ngumi imekunjwa, kanga imevutika kati yake na mwanawe.