Askari Mwenye Spana Bafuni kwa Bi Jokha

Zahra, binti wa Bi Jokha, alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, na bomba la maji moto bafuni kwa wazee wake, pale Kingsbury, ughaibuni, lilikuwa linachuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Mama, mimi sikai arubaini yangu kwenye bafu lenye dimbwi," Zahra alisema kwenye simu. "Nitakwenda Stanmore kwa mama mkwe. Bafu lake jipya."

Maneno hayo yalimkaa Bi Jokha rohoni. Mwanawe, uzazi wa kwanza, akakandwe maji moto na mama wa mtu mwingine, na yeye yuko hai na mikono yake anayo? Hata!

Tabu ilikuwa mumewe. Bwana Soud, dereva wa basi mstaafu, kila bomba likivuja alilifunga tambara la khanga kuukuu, akasema, "Tayari." Jirani yao Alkesh, Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa fundi bomba, lakini walivyokuwa wakitaniana, Soud aliona bora aoge kwa ndoo kuliko kumwomba.

Bi Jokha hakugomba. Alikwenda duka la mitumba, akarudi na picha kubwa: tangazo la jeshi la wakati wa vita, nakala tu. Askari kakunja mikono ya shati, spana mkononi, doa la grisi shavuni, anakukodolea macho. Chini yake, kwa herufi nene, mafundi wa jeshi wanahimizwa wajifunze zaidi wapande daraja. Akaitundika bafuni, mkabala na choo.

"Jokha! Huyu Mzungu ananitazama!"

"Anakuuliza."

"Ananiuliza nini?"

"Umejifunza nini tangu jana."

Haukupita muda, Soud akanunua spana na ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, maji yasipenye. Akajifungia bafuni. Akatoka kalowa mpaka kofia.

"Utepe wa uongo huu! Nikikaza tu, unafumuka!"

Bi Jokha alimpa taulo na chai ya tangawizi. Kikombe kilipokwisha, Soud mwenyewe akafungua dirisha.

"Alkesh! Njoo utazame. Lakini usiguse!"

Alkesh akaja na ndara zake, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Alimtazama Soud akizungusha utepe, akaangua kicheko.

"Soud bhai, unafunga bomba au unamvisha bwana harusi kilemba?"

Kweli. Soud ndiye aliyewafunga vilemba maharusi wa Kizanzibari wa pande zile, na vidole vyake vilikwenda kushoto, kama alivyofundishwa na babake. Bomba lenyewe hukazwa kulia.

"Geuza mkono, mzee. Ufuate njia ya bomba."

Soud akageuza. Akakosea. Akafumua, akaanza upya, ulimi nje. Akakaza, akafungulia maji. Bi Jokha naye akasogea, wote watatu wakainama kuchungulia. Pakavu.

"Mwanafunzi wangu kapasi!" Alkesh akasema.

"Mwanafunzi wako nani? Umegusa nini wewe?"

Ijumaa Zahra akaja, tumbo mbele, hata hakuketi. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akafungua maji, akayafunga, akapitisha kidole chini ya bomba. Akakitazama kidole. Kisha akampigia simu mumewe aliyekuwa akisubiri garini.

"Teremsha mabegi yote."

Bi Jokha akageuka haraka, akaingia jikoni kutafuta sufuria kubwa, wasije wakamwona analia kwa ajili ya bomba.