Jivu Chini ya Barafu

Aital aliteremka kwenye ghala la barafu la shangazi yake Maappa akiwa na chuma cha kupimia mkononi na majivuno ya jiji la Yakutsk kichwani. Kazi yake ni kupima ardhi iliyoganda: imelainika kiasi gani, ina unyevu kiasi gani. Safari hii alitaka kujua jambo moja tu, kama nyumba ya shangazi, iliyosimama juu ya ghala hilo, ingefaa kukaliwa msimu mwingine. Uwanja wote ulikuwa umeshaanza kudidimia, na ng'ombe walitembea humo kama walevi kwenye ngazi.

"Nikisema haifai, utahama?"

"Nihamie wapi? Ghorofani, nikamsikilize jirani akisukutua?" Maappa alikuwa mlangoni na chapati iliyopakwa siagi. "Ilishe ardhi kwanza, ndipo uichome na chuma chako."

"Shangazi, kifaa hiki hakitaki mafuta."

"Na wewe hutaki akili. Haya, choma."

Akachoma katikati ya mapande ya barafu ya ziwani, yale ya kuyeyushwa na kunywewa kiangazi. Sakafu ya hapo hugoma kama jiwe. Chuma kikazama kama kijiko kwenye uji. Aital akakichomoa, akatarajia tope. Kilitoka na jivu, kavu kabisa, na jivu lenyewe lilikuwa la moto.

Maappa akalinusa. Rangi ikamtoka.

"Ni la leo," alisema. "Mume wangu nilimwambia alipokuwa akijenga. Hapa palikuwa na boma la watu wa kale, na nyumba haijengwi juu ya boma la watu. Akasema waliokufa hawana haja ya kiwanja."

"Ni mboji tu inayooza, Shangazi. Huwa inatoa joto."

"Mboji inapika?"

Maana harufu ya samaki wa kuchemsha ilikuwa inapanda kutoka tunduni. Aital akachoma tena upesi, apate kipimo cha pili aondoke. Chuma kikazama hadi mpini, kikashikwa. Aital alishakwamisha vyuma vingi maishani, kukwama anakujua. Hiki kilishikwa. Alipovuta juu kikavutwa chini, polepole, kama mwenyeji anayempima mgeni nguvu. Akakiachia, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Maappa akapiga magoti, akaiweka chapati kwenye tundu. Haikukaa hata kidogo, ikavutwa ndani.

"Jamani wakubwa," alisema, sauti ile ile ya kuombea maziwa kwa jirani. "Tumekalia kwenu, tumewazibia moshi miaka yote hii. Nitaondoka. Lakini nipeni mpaka theluji ianguke, nina majani ya ng'ombe hayajakatwa."

Halafu chuma kikaanza kupanda chenyewe, kikasukumwa taratibu kama mtu anayemrudishia jirani jembe juu ya ua. Kikafika nusu, kikasimama.

Maappa akakitazama.

"Nusu ya muda niliouomba," alisema. "Watu wabahili hawa. Basi ni mpaka tumalize kukata majani." Akainuka, akajipangusa magoti. "Umesimama nini? Tunatoa barafu hii leo, kabla hawajaiyeyusha. Shika upande huo."

Aital akaukumbatia ule upande wa barafu kwa mikono yote miwili. Miguuni, kupitia soli za buti, sakafu ilikuwa imeshaanza kupata moto.