Paa Kwenye Kabichi za Pavla

Jerneja alirudi nyumbani alasiri ya Alhamisi akiimba, na alipofika kona ya kanisa akanyamaza, maana mama mkwe wake, Pavla, hakupenda nyimbo za watu wanaotoka. Tangu mguu wa Pavla ukatae kazi majira ya baridi, Alhamisi ndiyo siku pekee Jerneja aliyotoka. Alijitolea kuwapelekea chakula cha mchana wazee wa vijiji vya juu. Siku zilizobaki alikuwa mali ya Pavla: lete chai, geuza mto, fungua dirisha, funga dirisha. Mumewe, Drago, alikuwa ng'ambo ya mpaka, mjini Graz, akijenga nyumba za watu, na kwa kumpa mke pole kwenye simu hakuwa na mpinzani.

Sasa Cvetka, mkuu wa wanaojitolea, alikuwa amempa nafasi ya kuwasindikiza wazee baharini, Izola, wiki nzima kuanzia Jumatatu. Jirani angelala kwa Pavla. Pavla mwenyewe alikubali kwa sharti moja: "Nenda. Ila siku bustani ikiharibika wewe uko kwenye huko kujitolea kwako, ndiyo mwisho wa kutoka." Jerneja, mjinga wa watu, akaahidi mbele ya Drago kwenye simu. Angeogopa nini? Ua wa waya ulimzidi kimo, na kwenye kila nguzo kilining'inia kifuko cha soksi kuukuu kilichojaa nywele alizoziomba saluni, kwa sababu paa akinusa harufu ya mtu hasogei karibu.

Leo paa alikuwa ndani.

Dume changa, miguu myembamba, limesimama katikati ya kabichi likitafuna. Saladi ilibaki vishina. Maharage yalilala chini na miti yake. Lilipomwona Jerneja lilikurupuka, likajibamiza kwenye waya, likaanguka, likainuka na kujibamiza upande wa pili. Jerneja alijua angepaswa kulilia kabichi, lakini alimlilia huyo mnyama. Alijua kabisa anavyojisikia.

Alikimbilia lango. Kawaida yeye huliegesha tu kwa kulabu. Leo lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, tena limekazwa, na kwenye nguzo hapakuwa na kifuko hata kimoja. Aliitazama ile kamba. Mizunguko miwili, ncha imepita chini, ikavutwa kushoto. Kila Desemba, nguruwe wakishachinjwa, soseji za kijiji kizima hutundikwa kwenye chumba kimoja cha moshi, na kila mwanamke huzijua zake kwa fundo. Hili lilikuwa la Pavla.

Aliivua kamba juu ya nguzo bila kuifungua, akaliacha lango wazi, akajibanza nyuma ya banda. Paa alilipita lango mara mbili bila kuliona. Mara ya tatu akaliona, akatokomea msituni.

Pavla alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, amejitia hamnazo.

"Umechelewa," alisema. "Bustani vipi?"

Jerneja aliweka kamba juu ya blanketi. "Paa wa siku hizi, Mama, wanajua kufunga soseji."

Pavla aliitazama kamba. "Basi ni mimi," alisema.

"Kwa hiyo unatembea."

"Kidogo. Tangu Pasaka."

Tangu Pasaka Jerneja alikuwa akimbeba kwenda chooni, mgongo unamwaka. Hasira ilimpanda.

"Ukatoa vifuko, ukafungua lango, ukamngoja aingie. Sawa. Kwa nini ulifunga tena?"

"We naye. Lango la bustani linaachwaje wazi?" Pavla alishangaa kweli. "Watu wakipita watasemaje?"

Jerneja akacheka, hakutaka lakini alicheka. Halafu akapiga moyo konde. "Sikiliza, Mama. Ahadi imekufa. Jumatatu naenda baharini, na Alhamisi zote nitakwenda. Anayeweza kufika kwenye kabichi anaweza kujipashia supu."

Ajuza alivuta blanketi taratibu upande wa miguu. Mguu wake ule uliokuwa mzima siku zote ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, umeiva zambarau. Magoti yote mawili yalikuwa na udongo.

"Nilianguka kwenye ngazi wakati wa kurudi," alisema. "Nimetambaa hadi hapa. Sasa sisingizii tena: hata huu uliokuwa mzima siwezi kuukanyaga."

"Mama."

"Niliogopa, mwanangu. Drago naye alisema anaenda kiangazi kimoja."

Jerneja aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumchukia, na alimchukia, na bado vidole vyake vilikuwa tayari vinaupapasa mguu kuona kama mfupa umevunjika. Haukuonekana umevunjika. Nesi angeuona kesho. Kwa leo ulihitaji kitu cha baridi cha kunyonya uvimbe, na katika nyumba ile kama katika nyumba zote za pale, kitu hicho ni jani la kabichi.

Akarudi bustanini. Alipekua matuta hadi akapata majani matatu ya nje ambayo paa aliyadharau. Lango alilikuta wazi. Alilifunga.

Jikoni aliyaponda kwa mti wa kusukumia unga wa keki za tufaha, akayapanga juu ya uvimbe, akayazungushia kitambaa. Hakuwa na cha kufungia ila ile kamba. Akaifungua, akaizungusha mara mbili, akapitisha ncha chini, akavuta kushoto.

"Kaza," Pavla alisema.

"Limekaza."

Ajuza aliinua kichwa, akalikagua fundo. "Zuri," alisema. "Nilikufundisha vizuri."

Jerneja alikata kamba iliyozidi kwa meno, akaenda kumpigia simu Cvetka atafute mwingine wa kwenda baharini.