Heliamu Yenye Haraka

Maabara yetu pale Manchester ina desturi moja: kifaa kikipitisha gesi kupita kiasi tunasema kimevuja, tunakitupa, kisha tunachemsha chai. Mimi Doreen ndiye fundi wa mitambo, kwa hiyo vilivyotupwa nimevitupa mimi. Vifaa sita vya Bronagh, mwanafunzi wetu, vilikuwa njiani kwenda pipani, na yeye nyuma yavyo. Msimamizi wake, Profesa Thistlewood, alishamwambia asipoleta kipimo cha maana kufikia Ijumaa, masomo yake ya uzamivu yamekwisha.

Kifaa chenyewe ni kipande cha silikoni chenye vijia vya kuta za grafiti, ile kaboni ya penseli. Grafiti tunaibandua kwa selotepu ya dukani, na chuo kizima kinajivunia hilo kwa kuwa mbinu hiyo ilianzia hapa. Vijia ni vyembamba kiasi kwamba chembe za gesi hazigongani zenyewe kwa zenyewe, zinagonga kuta tu. Kanuni ya zamani inasema chembe ikigonga ukuta hurushwa upande wowote, kama mlevi kichochoroni, ndiyo maana hukawia kufika. Gesi ya heliamu kwenye vifaa vya Bronagh ilimshinda mlevi huyo kwa kasi mara mia mbili.

"Imevuja, mpenzi," nikamwambia. Huku kwetu kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa basi.

"Haijavuja, Doreen. Nimetengeneza kingine vilevile, bila vijia. Hakipitishi kitu."

Profesa hakuinua kichwa. "Wewe unavioka tanurini, unavipasua. Changu sijakioka, na kinafuata kanuni mpaka nukta."

"Hata kile kisicho na vijia nilikioka, na hakikuvuja."

"Ijumaa," akasema Profesa.

Chake kilikaa kwenye kabati la kioo; ndicho kilichompa uprofesa. Ufunguo ninao mimi, na watu wanaosema "mpaka nukta" sijawahi kuwapenda. Alhamisi nikakitoa, Bronagh akakipiga picha kwa hadubini ya elektroni, tukakioka, akakipiga tena.

Ijumaa tukakifungulia heliamu mbele ya Profesa mwenyewe. Ikapita kwa kasi ileile, mara mia mbili ya kanuni.

"Mmekipasua," akasema.

Bronagh akamwekea picha mbili mezani. "Tafuta ufa, Profesa."

Akatafuta. Chai yangu ikapoa. Ufa haukuwapo. Kilichokuwapo, kwenye picha ya kwanza tu, ile ya kabla ya kuoka, ni utando wenye mabonde uliopakaa kuta zote.

"Gundi ya selotepu," akasema.

"Ndiyo, na tanuri limeiunguza. Ukutani pakiwa safi, chembe haipotezi njia. Inagonga na kuendelea mbele."

"Basi miaka kumi na moja nimepima gundi."

Nilimhurumia, na hilo sikulitarajia.

Akavuta fomu ya Bronagh ya kuendelea na masomo, akaitia sahihi. Kisha akafungua rasimu ya makala ya Bronagh, pale Bronagh alipoandika kwa adabu kwamba "baadhi ya watafiti" walikosea, akayakata maneno hayo na kuandika jina lake mwenyewe, Thistlewood.