Meza ya Karibu na Choo

Usiku wa jana niliota nimempeleka bibi yangu kula samaki, changu, katika mgahawa wa kifahari, juu kabisa ya jengo refu mjini, nikiwa nimevaa sare ya shule, taulo shingoni na kandambili za bafuni. Nataja mavazi mapema kwa sababu baadaye yalizua mjadala.

Kwanza niwaeleze hali ilivyo, msije mkasema nilivimbiwa. Nipo nyumbani likizo. Bibi Rukia, mama yake Mama, ametoka hospitali na amegoma kula. Si kwamba hawezi. Hataki. Mama amempikia uji, mtori, supu ya kuku, na vyote vimerudi jikoni kama vilivyokwenda. Anakunywa chai ya rangi tu na kusema hana hamu. Daktari ameonya kwamba asipokula, dawa hazitamsaidia. Jana jioni nilimkuta Mama amesimama jikoni, ameshika bakuli lililojaa, haliweki chini wala halipeleki popote. Nikamtania. Hakucheka. Nikaenda kulala.

Ndoto ikaingia bila kubisha hodi.

Tumefika mlangoni. Mlango ni wa kioo na una sauti ya mwalimu wa zamu.

"Mmeweka nafasi?" unauliza.

"Tumeweka," nasema. Hatujaweka.

"Kandambili haziingii."

Nikazivua. Zikabaki nje zikinung'unika kwamba zenyewe ndizo zilizotembea njia yote, na sasa miguu ndiyo inaalikwa.

"Sheria ya hapa ni moja," Mlango ukasema. "Mgeni asiyehudumiwa atahesabiwa kuwa pambo."

"Pambo kivipi?"

"Karibuni sana," ukasema, ukafunguka.

Bibi alijitanda khanga yake vizuri, akakanyaga zulia kwa tahadhari kama mtu anayekatiza shamba la jirani. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "hapa pananukia sabuni. Samaki simsikii."

"Yupo ndani, mke wangu. Wamemficha ili apate heshima."

Jozi ya glavu nyeupe, isiyo na mtu ndani, ikatuongoza. Tulipita meza za dirishani, ambako watu walikuwa wanakula huku wamefumba macho. Mama mmoja mwenye hereni kubwa kama bangili alikuwa anamwambia mchuzi wake, "Umenikomboa." Mchuzi ukamjibu kwamba ni wajibu wake. Tukapita meza za katikati, ambako watu walikuwa na mkate tu na matumaini. Tukaendelea kutembea. Glavu zikatuketisha mwisho kabisa, karibu na choo.

Hapo tukangoja. Tuliagiza changu wa kuchoma. Glavu ziliitikia kwa kidole gumba na hatukuziona tena.

Pazia lililokuwa pembeni yetu likakohoa.

"Samahanini ndugu zangu," likasema. "Naombeni mnisogezee kiti, kinanikanyaga pindo."

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Naitwa Lukindo. Niliagiza biriani."

"Lini?"

Pazia likafikiri. "Nilikuwa na ndevu nyeusi," likasema.

Kule dirishani, mama wa hereni akageuka na kututazama kwa furaha. "Jamani, mapambo ya hapa!" akawaambia wenzake. "Angalieni lile pazia. Lina huzuni ya kweli kabisa."

"Asante," Mzee Lukindo akajibu kwa uchovu.

Bibi akanigusa bega. "Miguu yangu imepoa."

Nikainama chini ya meza. Miguu ya Bibi ilikuwa imekuwa udongo, ule wa kufinyangia mitungi, mpaka kwenye vifundo. Ulikuwa umechomwa vizuri na kuchorwa maua ya bluu.

"Maua si mabaya," Bibi akasema alipochungulia.

Mimi nikasimama. Nilitaka kukimbia lakini zulia lilikuwa nene, kila hatua ilizama na kuuliza naelekea wapi. Nikapiga kelele namtaka meneja.

Meneja akaja. Alikuwa kambakochi, yule kamba mkubwa wa baharini, mwekundu, wa urefu wangu, amefunga tai, masharubu yake yanafika dari.

"Shikamoo," nikasema. Malezi hayalali.

"Marahaba, kijana. Mimi ndiye meneja."

"Nilidhani uko kwenye menyu."

"Nimo. Ila leo sipatikani." Akaweka tai yake sawa. "Una malalamiko?"

"Bibi yangu hajaletewa samaki wake, na udongo umemfika vifundoni."

"Ninaona. Kazi nzuri." Akainama kutazama maua. "Hapa tunawahudumia kwanza wageni wanaosifu. Wa dirishani wanasifu sana."

"Wanasifu kwa sababu wamekula!"

"Na wa huku wananung'unika."

"Wananung'unika kwa sababu hawajala!"

"Unaona?" Kambakochi akasema kwa upole. "Hata wewe umeanza."

Nikatazama mkono wangu. Kidole cha mwisho kilikuwa mshumaa. Nikakipuliza kikazima, lakini hakikurudi kuwa kidole.

Nikafanya hesabu ya haraka. Kama kulalamika kunageuza na kusifu kunashibisha, basi tatizo ni dogo, kwa maana uongo wa heshima ndilo somo pekee ambalo shuleni sijawahi kufanya vibaya. Nikapanda juu ya kiti, nikaweka mkono kifuani kama mgeni rasmi siku ya mahafali.

"Ndugu wageni waalikwa," nikatangaza, "chakula cha mahali hapa ni utulivu uliopakuliwa."

Papo hapo sahani ikanitua mbele. Ilikuwa kubwa kama mfuniko wa pipa. Katikati kulikuwa na haragwe moja, limelazwa chali juu ya povu la kijani.

"Usinitazame hivyo," Haragwe likaninong'oneza. "Ndiyo, nimetoka shuleni kwenu. Nimejiendeleza."

"Nenda kwa Bibi."

"Siwezi. Aliyesifu ndiye anayekula. Nikienda kwa mwingine nitanyang'anywa povu."

Nikapiga magoti mbele ya Bibi. Udongo ulikuwa umefika magotini kwake na unapanda, naweza kuusikia, kama mtu anayepanda ngazi kwa soksi.

"Mke wangu, sifu kidogo. Neno moja tu."

"Nisifu nini? Sijaonja."

"Danganya!"

"Wewe!" Akanifinya sikio, kwa vidole ambavyo bado vilikuwa vidole. "Mdomo huu nimeutunza mpaka nimezeeka nao. Nikauchafue leo kwa ajili ya samaki?"

"Bibi, utakuwa mtungi."

"Basi mtafanya nini? Mtanitilia maji." Akatazama pembeni. Nikajua kwamba na yeye anaogopa, kwa sababu Bibi akiogopa hutazama pembeni na kukunja pindo la khanga. Pindo lenyewe lilikuwa tayari la udongo. Alikuwa anakunja hewa.

Nikambeba. Alikuwa mzito kuanzia kiunoni kwenda chini na mwepesi mno kuanzia kiunoni kwenda juu, na huo wepesi ndio ulionitisha. Nikapiga teke mlango wa jikoni.

Ndani hamkuwa na jiko. Lilikuwa bwalo la shule yetu. Sakafu ya saruji, meza ndefu, mabenchi yenye majina ya watu waliomaliza zamani, na ile harufu ya maharage ambayo hata wakipaka rangi upya haiondoki. Wageni wote wa mgahawani wameshakaa kwenye mabenchi. Mama wa hereni amebanwa katikati ya Mzee Lukindo, ambaye bado ni pazia, na mtu mmoja ambaye ameshakuwa zulia na anahema taratibu. Hakuna anayeshangaa.

Mezani amelala changu mzima, mrefu kama benchi, amechomwa, ana limau kila upande. Akafumbua jicho moja.

"Nani ananikata?" akauliza. "Harakisheni. Upande wa chini unapoa."

Kambakochi alikuwa ameshashika kisu. "Wa dirishani kwanza," akasema.

"Dirisha liko wapi?" nikauliza.

Akatazama huku na huku. Madirisha ya bwalo letu yako juu karibu na paa, kwa sababu ambazo uongozi wa shule unazifahamu. Hakuna anayekaa dirishani.

"Na tena," nikasema, "humu ndani anayekata ndiye anayechukua wa mwisho."

Masufuria yote yakagonga mifuniko yao. "Wa mwisho! Wa mwisho!"

Niwaeleze wasiosoma bweni. Kwenye kila meza yetu mmoja hukata ugali, na wenzake wote wakishachagua, yeye hubaki na kipande kilichobaki. Mgonjwa huchagua wa kwanza. Hakuna mwalimu aliyetunga sheria hiyo, wala hakuna anayeweza kuifuta. Ndiyo maana vipande vyetu hulingana, na hata kaka mkuu mwenyewe akikata, hupima kwa jicho mara tatu.

Masharubu ya kambakochi yakaanguka. "Mimi niwe wa mwisho? Mimi?"

"Au nipe kisu."

Akanipa haraka sana.

Nikamweka Bibi kwenye benchi. Udongo umefika kifuani. Nakata. Mkia, kwa mama wa hereni. Ubavu, kwa Mzee Lukindo. Ubavu mwingine, kwa zulia. Kipande cha mgongo kwa kambakochi, kwa sababu naye ana tumbo. Nakata mpaka kila aliyeketi ana fungu lake, yote sawasawa, na mbele yangu kimebaki kichwa, ambacho Bibi hukipenda kuliko samaki mwenyewe. Lakini kichwa peke yake ni mifupa. Nikakiongezea nyama ya shingo.

Kuna kosa moja ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulifanya wiki ya kwanza. Anawahesabu wote mezani, anasahau kujihesabu. Wenzake wanachukua, anabaki na kisu. Analia kidogo, halirudii tena maisha yake yote. Mimi nimekata ugali miaka mingi, na jana nililirudia. Naandika kwamba nilisahau, kwa sababu nina heshima yangu pale bwaloni na ningependa ibaki.

"Mgonjwa kwanza," nikasema.

Udongo ulikuwa umefika kidevuni. Mikono yake ilikuwa masikio ya mtungi. Nikachambua nyama kwa vidole vilivyobaki.

"Fumbua mdomo, mke wangu."

Akafumbua. Akatafuna. Akatafuna tena. Bwalo zima limeinama kutazama, hata masufuria. Naangalia ile shingo, inameza au haimezi, inameza au haimezi.

Ikameza.

Udongo ukalia kwa sauti ndogo, ufa ukapita begani. Mkono wa kulia wa Bibi ukachomoka, ukajipangusa vumbi, ukachukua kipande cha pili wenyewe.

Basi wote wakaanza kula. Mama wa hereni alitazama fungu lake akasema, "Hiki tu?" na sikio lake moja likawa kikombe cha chai papo hapo. Akaonja, akachukua kipande cha pili. Mzee Lukindo akarudishiwa suruali yake. Kambakochi alikula na machozi yakimtiririka kwenye tai.

"Kumbe ndivyo tunavyopika," akasema. "Sijawahi kuletewa."

"Na wewe, fungu lako liko wapi?" changu akaniuliza. Alikuwa amebaki mifupa lakini hakuwa na kinyongo.

Kwa mbali, nikausikia Mlango ukikohoa.

Nilianza shingoni. Ikarefuka, ikawa shaba. Kichwa kikapata joto la kupendeza. Glavu nyeupe zikatokea, zikanibeba, zikanining'iniza ukutani, na hapo nikaelewa kwamba mimi ni taa. Haiumi. Shida yangu ilikuwa moja tu, sikuweza kutulia. Nilitaka kuona kama atamaliza. Kila alipopumzika nilififia, kila aliponyanyua mkono niliwaka kupita kiasi.

Bibi akainua macho. "Taa hii ina nini?"

"Mpya, mama," kambakochi akasema. "Itazoea."

"Isogezeni basi, nione miiba."

Wakanisogeza. Nikammulikia. Akala shavu la samaki, akala shingo, na alipofika kwenye jicho, ambalo siku zote hulibakiza mwisho, nikaamka.

Kumekucha. Taulo liko shingoni, lakini hilo si ushahidi, hulala nalo. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi. Alikuwa amekaa kitandani, kidole kimoja ndani ya mdomo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nitafutie kijiti."

"Cha nini?"

Akahangaika kidogo, akavuta kitu kutoka katikati ya meno, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mwiba, mweupe, mwembamba, umepinda kidogo. Nyumbani kwetu samaki hajapikwa tangu kabla Bibi hajalazwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Akautazama mwiba. Akanitazama mimi, kwa lile jicho la kuniuliza nimefanya nini tena.

"Weka hapo," Bibi akamwambia. "Nitakunywa baadaye. Sasa hivi nimeshiba."

Mama akaliweka bakuli mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

Bibi akajilaza, akavuta shuka. "Samaki wao hana ubaya," akasema. "Limau limezidi, na wanachelewesha. Ila ile taa," akageuza macho kunitazama, "ile taa haitulii kabisa."