Kadi ya Adabu

…na bado inaimba, ee Mola, imefungwa na bado inaimba, kadi gani hii isiyojua kufungwa, na Rachid, mtu mzima mwenye kitambi chake na heshima yake, muuza vipuri anayejulikana mjini, kaikalia kama kuku anayeatamia, kwenye kiti cha Adrien, jirani yake wa ukuta mmoja hapa mtaani Mutanga Nord, na vikengele vinalia chini ya paja, ti-ti-ti, ti-ti-ti, ndani ya nyumba ambayo haijasikia wimbo tangu Irène, mke wa Adrien, azikwe, hata redio imefunikwa kitambaa, na Adrien anatazama mahali sauti inapotoka, yaani analitazama paja, bora angetukana… forodha zote zile, Dubai, Kalemie, Guangzhou, maafisa wamempekua mpaka soksi asishikwe na kitu, leo kashikwa na karatasi… na kosa si lake peke yake, ni la Houda pia, maana asubuhi alimuuliza, mke wangu, mutu mwenye matanga anapelekewa kadi ya Noeli ao hapelekewi, naye Houda, anachambua mchele, hakuinua hata kichwa, ukiacha atasema umemutupa, ukipeleka atasema unamucheka, basi peleka ile haina furaha mingi, na kweli Rachid alichagua kama mtu anayechagua sanda, kwenye ile pakiti aliyoileta kutoka Guangzhou alipofuata taa za magari, moja ina mzee wa ndevu anayecheka mpaka magego, apana, moja ina mti uliobebeshwa taa kama gari la harusi, apana, moja ina mnyama wa mapembe, yule ambaye mwaka juzi Adrien alimuulizia, jirani, huyu mbuzi yako wanamufugia wapi, apana pia, ikabaki hii nyeupe, nyota moja tu, adabu tupu, ndani ya nailoni yake, nani angejua kwamba wale wenye makelele usoni ndio mabubu, na huyu mpole ndiye aliyemeza bendi nzima… tena kaifungulia mbele ya picha ya Irène, picha yenye utepe mweusi, na kuganduka bado, ile siku ambayo watu watakaa hapa uani, wanywe, waseme, wawaruhusu wafiwa kurudi kucheka, bado haijafika, mpaka hapo nyumba hii haitakiwi kuimba, Rachid anajua, kaishi na Warundi maisha yake yote, yeye mwenyewe Mrundi, Mwislamu wa Buyenzi lakini Mrundi, hana hata kisingizio cha ugeni… "Papa," sauti ya Joëlla kutoka jikoni, binti wa Adrien, "ni simu ya nani inalia?", na Rachid kafungua kinywa aseme ni ya kwangu, mwanangu, uongo mdogo wa kistaarabu, lakini simu yake iko palepale juu ya meza, kimya, inamtazama, na Adrien akajibu, "Si simu," basi, na vikengele ti-ti-ti… angebaki nyumbani, angesema anaumwa, lakini ingekuwaje, kila Idi Adrien huvuka na kadi yake, Kifaransa kilichopigwa pasi, kila Noeli Rachid huvuka na yake, mama alimfundisha kule Buyenzi kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na kadi ni sahani tu, ya karatasi, na Idi ya kuchinja iliyopita, udongo wa Irène haujakauka, Rachid hakutegemea kitu, alipofungua mlango akamkuta Adrien amesimama na nguo za matanga, kanyoosha mkono wenye kadi, na ndani ya kadi, pale ambapo miaka yote paliandikwa Adrien na Irène, paliandikwa Adrien, halafu nafasi, jina lote la pili lingeenea pale, kaiacha vilevile, mtu aliyekuja na sahani ya namna hiyo unamrudishiaje mikono mitupu… lakini unamrudishia nini, unamrudishia bendi?… ngoja, inachoka, betri inachoka, alhamdulillahi, ti…ti…, sasa inaburuza, noti moja inapanda isikotakiwa, nyingine inashuka kama inayotafuta kiatu gizani, na Rachid, aliyekuwa anaomba ife, akajikuta anaisikiliza, maana sauti hii anaijua, wapi, ukutani, asubuhi, Irène anaanika nguo na kufanya mazoezi ya kwaya, ile kwaya iliyomweka safu ya nyuma karibu na mlango, na Rachid na kikombe chake upande wa pili anampigia kelele, Mama Joëlla, huruma, ng'ombe za kule Gihosha zitakata kamba, na yeye anajibu, bado sijaanza, papa, na anapandisha zaidi, na miezi yote hii asubuhi zimekuwa pana mno, chai haina kitu cha kuisukuma, na yeye alidhani ni umri… basi si Adrien peke yake aliyefiwa hapa, ajabu, kaja kumfariji mtu na kumbe naye alikuwa anatafuta pa kukaa na lake, na sasa anaogopa kitu kingine kabisa, anaogopa betri isiishe, akainua paja kidogo, kidogo tu, ipate hewa, nayo ikapiga noti moja mbovu, ndefu, isiyo na haya, na mabega ya Adrien yakaanza kutikisika, Rachid hajui ni kilio ama ni nini, hathubutu kutazama, anatazama nyota ya ukingo wa kadi inayochungulia pajani, mpaka akasikia yule mtu anavuta pumzi.

"Itoe huko chini, Rachid. Irène alikuwa anaimba mubaya kuliko hiyo."